Leseni ya Udalali na Nyumba ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshtuka. Mwandiko huu ndio ushahidi.

Asubuhi nilimpeleka mteja kuona chumba. Mlinzi wa getini akaniomba leseni. Nikamtikisia rundo langu la funguo, lile lililonipatia jina mtaa mzima. Nusu ya funguo hizo hazifungui mlango wowote duniani, lakini zinalia vizuri nikitembea. Mlinzi hakutikisika. Akasema Bodi ya Madalali imebandika tangazo: mwezi huu ukiisha, dalali asiye na leseni ni tapeli kama matapeli wengine. Mteja akasikia. Akakumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka.

Miaka yote hii nimeuza na kupangisha kwa ulimi wangu mwenyewe. Leo naambiwa nikasome!

Mbaya zaidi: Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amekwisha kujiandikisha kwenye kozi ya leseni. Mtu aliyezoea kuangusha nywele chini, sasa anataka kuuza nyumba. Nami nimejiandikisha alasiri, nikiwa na hasira.

Usiku, mezani, mama mkwe akatoa tamko. Tunaishi kwake, mimi na mke wangu, chumba cha katikati. Yeye yuko chumba cha nyuma. Chumba cha mbele, chenye mlango wa kutokea barabarani, kiko tupu, na kwa muda mrefu nimekitamani kiwe ofisi yangu. Amesema nikipata leseni ni changu. Nikishindwa, anampangisha Kinyozi, ambaye amekwisha kumwomba kwa adabu mara kadhaa.

Kwa adabu! Mke wangu hakuinua uso kutoka kwenye sahani. Nadhani alikuwa anacheka.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza darasani. Ukumbi uko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kila mara tunasikia mabati yakikatwa. Mwalimu ni mama mstaafu wa idara ya ardhi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Anapokutazama bila miwani una nafuu. Akiivaa, jiandae.

Akauliza wajibu wa kwanza wa dalali ni upi. Nikanyoosha mkono kabla ya wote. Nikasema wajibu wa kwanza ni kuhakikisha mwenye nyumba na mteja hawakutani. Wakishakutana watapatana, na wakipatana wewe umekuwa daraja lililokwisha kuvukwa. Kila dalali anajua hivyo tangu anazaliwa.

Mwalimu akavaa miwani.

Akasema wajibu wa kwanza ni kusema ukweli. Dalali mwenye leseni humkutanisha mwenye nyumba na mteja mapema, na humtajia mteja kasoro zote za nyumba kabla hajaulizwa. Kasoro! Kabla hajaulizwa! Nikageuka kuangalia kama wenzangu wameshtuka. Wote walikuwa wanaandika. Kinyozi alikuwa amepigia mstari.

Kisha akasoma kwa sauti tangazo langu moja la zamani, alilolitoa ukutani mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kwamba nyumba iko mwendo wa dakika tano kutoka barabara kuu. Akauliza dakika tano kwa nani. Kinyozi akajibu kutoka nyuma kwamba ni kwa mtu anayefukuzwa na mbwa. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka pia ili nisionekane mtu wa kinyongo. Mimi ni mtu wa kinyongo.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo alivyomalizia somo. Aliyetunga methali hiyo hakuwa na chumba cha kupangisha karibu na machinjio.

Alhamisi, 6 Machi

Mtihani wa maandishi ni keshokutwa na daftari langu lina michoro ya ofisi yangu tu. Nina meza, nina kiti kinachozunguka, nina kalenda. Sina neno hata moja kuhusu mikataba.

Nikabuni mpango. Kwenda kunyolewa kwa Kinyozi na kumchokonoa taratibu mpaka aseme yote aliyoyasoma. Mtu akishika wembe huwa anaongea, hilo linajulikana.

Nilichosahau ni kwamba anayeshikiwa wembe huongea zaidi. Nilipomuuliza juu ya hatimiliki, akaniinua kidevu, akaweka wembe kooni, akaniuliza mimi naelewaje. Kwa upole kabisa, huku akiniita jirani. Nikajieleza. Akauliza juu ya amana ya mpangaji. Nikajieleza. Nilitoa hata siri zangu za kazi, namna ya kujua kwamba mwenye nyumba ana shida na atashusha kodi. Yeye hakutoa kitu zaidi ya povu.

Mwishoni akaniuliza kama anipunguzie masharubu. Nikatikisa kichwa kukataa wakati ambao haukufaa. Upande mmoja ukaenda. Ikabidi na wa pili uende, kwa ajili ya haki.

Mke wangu alipofungua mlango alinisalimia shikamoo kama mgeni, kisha akanitambua, kisha akakaa chini kabisa kwenye kizingiti na kucheka mpaka machozi. Mama mkwe alisema sasa ninafanana na mtu mwaminifu. Sijui kwa nini neno hilo limeniuma.

Jumamosi, 8 Machi

Mtihani wa maandishi. Swali moja lilikuwa hivi: mteja akikuuliza kama paa linavuja, utamjibu nini? Nikaandika kwamba nitamwambia mvua zimepungua siku hizi. Nikafuta. Nikaandika kwamba nitamwambia nyumba ina maji ya uhakika. Nikafuta. Mwishowe nikaandika kwamba nitamwambia ukweli. Kalamu ilikuwa nzito.

Nimefaulu! Kwa kutambaa, lakini mlango ni mlango hata ukiingia kwa magoti. Kinyozi ameongoza darasa. Amepata lile swali la hatimiliki, na ametumia maneno yangu yaleyale niliyoyasema nikiwa kitini kwake.

Umebaki mtihani wa vitendo. Kila mmoja atamwonyesha mteja nyumba halisi, kwa idhini ya mwenye nyumba, Mwalimu akiwa pembeni anaandika. Mteja atakuwa mtahiniwa mwenzako. Tukachagua vikaratasi kwenye kofia. Nikafungua changu. Macho yakanitoka.

Kinyozi.

Jumapili, 9 Machi

Nimewazungukia wenye nyumba wote niliowahi kuwafanyia kazi. Mmoja hakufungua. Mwingine alifungua, akaniona, akafunga. Wa tatu hakunitambua bila masharubu, akanikaribisha kwa furaha, mpaka niliposema jina langu.

Basi imebaki nyumba moja. Hii ninayolala.

Nikamtuma mke wangu aombe. Mama mkwe akakubali papo hapo, jambo lililonishtua, kisha akasema siku hiyo atakuwepo amkaribishe mteja mwenyewe. Mama mkwe ana tabia ya kujibu maswali. Ukimuuliza saa atakwambia saa, na tena atakwambia saa yake huchelewa. Mtu kama huyo huwezi kumweka karibu na mteja.

Nikamwambia Bodi imekataza wenye nyumba kuwepo. Akasema Bodi ya ajabu hiyo. Nikasema hata mimi inanishangaza. Ili niwe na hakika, baadaye nikapitisha habari kwamba dada yake wa mtaa wa juu hajisikii vizuri na anamuulizia sana, hasa Jumatano asubuhi. Akanitazama muda mrefu. Akasema atakwenda.

Dada yake yuko mzima kama chuma. Lakini ni nani kati yetu ambaye hapendi kutembelewa?

Jumanne, 11 Machi

Matayarisho. Ukuta wa sebuleni una ufa. Mwaka jana mama mkwe alininunulia saruji niuzibe, nikamwambia nimeuziba. Niliuziba kwa kabati. Leo nimelisogeza kabati vizuri zaidi, nikaweka juu yake maua ya plastiki ili macho ya mteja yaishie hapo.

Koki ya jikoni inayodondosha nimeifunga kwa kipande cha mpira. Mlango wa chooni, ambao haufungi, nimeuacha wazi kabisa ionekane ni hiari. Kitanda chetu nimekivuta chini ya ile sehemu ya dari yenye doa la maji, kwa sababu hakuna mtu anayelala kitandani kwa watu ili atazame juu.

Mke wangu akauliza kwa nini nisitengeneze tu vitu hivi, ningemaliza mapema. Nikamweleza kwamba haelewi kazi. Akasema kweli haelewi, na kwamba amekuwa akijaribu tangu siku ya harusi.

Usiku aliniambia jambo jingine, bila mzaha. Kwamba chumba cha mbele anakitaka kiwe changu kuliko ninavyokitaka mimi. Kwamba amechoka kusikia mtaani mumewe akiitwa Funguo. Nimegeukia ukutani nikajifanya nasinzia.

Jumatano, 12 Machi

Siandiki vizuri. Nimekaa nje, juu ya ndoo.

Asubuhi mambo yalikwenda sawa. Mama mkwe akaondoka na kikapu chake. Mwalimu akafika, akakaa kiti cha pembeni, akavaa miwani. Kinyozi akaingia kama mteja, amevaa koti, akasalimia kana kwamba hatujawahi kuonana. Mke wangu akatandaza kitambaa cha meza na kwenda jikoni kusikiliza.

Nikaanza. Nikasema sebule ina hewa na utulivu. Kinyozi akagonga ukuta kwa vidole, kama daktari. Akagonga tena. Akasogea mpaka kwenye kabati, akasifu maua, kisha akauliza nyuma ya kabati kuna nini.

Kalamu ya Mwalimu ikasimama hewani.

Ulimi ulikuwa tayari kusema kuna ukuta. Lakini nikaiona ile ofisi, meza na kiti kinachozunguka, nikamwona na mke wangu akichungulia kutoka jikoni, uso umekaza. Nikasema: ufa.

Ajabu! Sikufa. Kalamu ya Mwalimu ikaandika na kichwa chake kikaitikia. Basi nikaongeza koki. Nikaongeza mlango wa choo. Nikawapeleka chumbani, nikavuta kitanda, nikawaonyesha doa la dari na bakuli tunaloweka mvua ikinyesha. Sikujua ukweli una utamu wa namna hii, ni kama kujikuna. Kila nilipotaja kasoro, Mwalimu aliandika, na kila alipoandika nilitafuta nyingine. Tuliporudi sebuleni nilikuwa nimelowa jasho na nina furaha kupindukia.

Kinyozi akauliza swali la mwisho. Akauliza kama kuna tatizo lolote kuhusu wakazi wa nyumba.

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema tatizo kubwa kuliko ufa ni mwenye nyumba mwenyewe. Nikasema anaamka kabla ya ndege na kuburuta viti. Anaingia chumbani kwa watu bila hodi. Anahesabu vipande vya nyama sufuriani. Nikasema ukipanga hapa, mteja mpendwa, huyo hutampaka rangi wala kumziba kwa saruji.

Mwalimu alikuwa anatabasamu. Kinyozi hakuwa anatabasamu. Alikuwa anatazama nyuma yangu na amevua kofia.

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni na kikapu chake. Kando yake dada yake, mzima kabisa, mwekundu wa macho kwa hamu ya kumjua aliyemtangazia ugonjwa.

Nilitamani ufa ule uwe mpana wa kutosha niingie.

Mama mkwe hakupaza sauti. Akaomba kabati lisogezwe. Nikalisogeza. Akaingiza kiganja chake chote ukutani, akakitoa, akakitazama. Akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Akasema tu hivyo, kisha akamgeukia Kinyozi, akamkaribisha akae. Mwenye nyumba na mteja, meza moja, uso kwa uso! Nikajaribu kukaa katikati yao. Hapakuwa na kiti.

Wakaongea. Kinyozi akasema kaka yake ni fundi mwashi. Akasema yuko tayari kuziba ufa na kutengeneza paa, koki na mlango wa choo kwa gharama yake, akipewa chumba cha mbele kwa ajili ya kunyolea, na cha katikati kwa ajili ya saluni ya kina mama. Mama mkwe akafikiri kidogo. Akakubali.

Chumba cha mbele niliahidiwa, cha katikati ni changu. Kitanda changu kimo humo. Nikasema hivyo kwa sauti. Mama mkwe akanijibu kwa upole kabisa kwamba kitanda kina miguu, mwanangu, na wewe unayo.

Mwalimu akawapongeza kwa mapatano ya wazi namna ile, akatoa kalamu yake wakatia sahihi. Mimi nikatia kama shahidi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefaulu.

Si kufaulu tu. Nimeongoza mtihani wa vitendo. Mwalimu alinisimamisha mbele ya wote, akasema katika maisha yake hajaona mtahiniwa aliyetaja kasoro za nyumba mpaka akapoteza pa kulala. Darasa likapiga makofi. Kinyozi alipiga kuliko wote, na nadhani alikuwa anamaanisha. Hilo ndilo lililoniudhi.

Nimepewa leseni. Ina picha yangu bila masharubu. Namtazama mtu huyo na simfahamu.

Nilipofika nyumbani kitanda kilikuwa uani, kimesimamishwa, na fundi mwashi ndani anapiga nyundo. Mama mkwe akanipa mkono wa pongezi wa kweli. Akasema mtu mwenye leseni hawezi kukosa nyumba, ingekuwa aibu kwa Bodi. Akasema chumba cha nyuma kina nafasi ya yeye na binti yake, na hamwoni mtu wa tatu pale, labda mimi namwona.

Mke wangu akanisindikiza mpaka getini. Nilitegemea machozi. Badala yake aliniambia kwamba Jumatano, nilipokuwa nataja zile kasoro, alisimama jikoni na sahani mkononi na kwa mara ya kwanza alijivunia mumewe. Nikauliza: hata nilipomsema mama yake? Hata hapo, kwa sababu yote yalikuwa kweli. Akasema nimtafutie chumba, kiwe kidogo kiasi chochote, kiwe na kasoro zozote, mradi nimtajie zote kama nilivyomtajia Kinyozi. Siku hiyo atahamia na sanduku lake. Akinikuta nimeficha moja, atarudi kwa mama yake moja kwa moja.

Nikamwapia. Nikaapa kwa leseni.

Jumapili, 16 Machi

Siku njema kupita zote! Nimefanya kazi yangu ya kwanza kama dalali halali. Mteja ni mimi mwenyewe.

Chumba kiko bondeni, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Mwanzoni mteja alisitasita. Aliona ukutani mstari wa matope unaozunguka chumba kizima usawa wa goti, akataka kujua ni wa nini. Nikamwambia ni rangi mbili, mtindo wa kisasa. Akauliza kwa nini wapangaji wa jirani wameinua vitanda vyao kwa matofali. Nikamwambia ni kwa ajili ya kufagia vizuri. Mteja msumbufu, lakini nina uzoefu na watu wa namna hii. Nikamwambia kuna wengine wanakitaka, wako njiani wanakuja. Akashtuka, akatia sahihi palepale.

Mwenye chumba, mzee mmoja mpole, alitaka kunieleza kitu kabla sijalipa, jambo fulani kuhusu miezi ya mvua. Nikamkatiza. Nilikuwa na haraka na niliogopa atamkatisha mteja tamaa.

Jioni nimempigia mke wangu simu. Nikamwambia chumba kimepatikana, kina ubaridi mzuri na maji karibu. Akauliza kasoro. Nikasema nimetafuta sana, sijaona. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya pili. Nikamhakikishia kwamba mpangaji aliyemo tayari ni mtu makini na hajalalamika hata kidogo.

Akasema atakuja Jumanne na sanduku lake. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Nimefurahi pia, ingawa naandika haya nikiwa nimekaa katikati ya kitanda, viatu vyangu vikiwa mapajani, na ndiyo kwanza manyunyu yameanza.